Mwalimu Anajibu: Kakao na uvimbe wa tumbo



Juma lililopita tulikuwa kwenye likelemba, kwa mama mwenye zamu. Kisha kuhesabu feza, mama mmoja alifungua ncha ya kikwembe chake, akatoa mfuko mdogo wa nailoni wenye poda ya kahawia, akauweka mbele yangu. Akasema: "Mwalimu, wewe ulisoma biolojia na kemia. Wanasema hii ni kakao, na wanganga wa Ulaya wamevumbua kwamba inamaliza uvimbe wa tumbo. Ni kweli ao ni uongo?"

Wengine walianza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona tumbo lake. Tangu mwezi wa tatu linakua, na mimba haipo. Ndani ya kikwembe kilekile kulikuwa na karatasi ya kituo cha afya yenye kumtuma akafanye ekografia. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika. Alikuwa amekwisha kununua mifuko mitatu ya poda kwa feza ya zamu yake. Ekografia ilikuwa inangojea.

Nilimwomba juma moja ili nisome vizuri kabla ya kujibu. Amekubali niandike jibu hapa, bila jina lake, kwa sababu anajua si yeye peke yake anayeuliza. Mimi si munganga, mimi ni mwalimu. Lakini kupima kama neno ni kweli ni kazi ya mwalimu pia.

Kwa kifupi, jibu ni hili: utafiti juu ya kakao na kansere upo, si uongo. Lakini utafiti huo haukusema kile ambacho mwenye kuuza poda anasema. Katikati ya maneno hayo mawili kuna ngazi ndefu, na leo ninataka tuipande pamoja, kipandio kwa kipandio.

Kwanza, neno "uvimbe"

Tunasema "uvimbe wa tumbo" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Tumbo ni kama lupango lenye nyumba nyingi: kuna kizazi, mayai ya mwanamke, utumbo, ini, figo, wengu. Uvimbe unaweza kutoka katika nyumba yoyote.

Kuna miomu, uvimbe wa nyama unaoota kwenye kizazi. Wamama wengi sana wanao, na kwa kawaida si kansere, hata kama unaleta damu nyingi na maumivu. Kuna uvimbe wa maji kwenye mayai ya mwanamke. Mara nyingine unapotea wenyewe, mara nyingine unajisokota na kuleta hatari ya haraka. Kuna wengu iliyovimba kwa sababu ya malaria. Kuna maji yanayojaa tumboni kwa sababu ya ini ao kifua kikuu. Na kuna kansere, ambayo vitabu vinaiita pia saratani: ya mlango wa kizazi, ya mayai ya mwanamke, ya utumbo mkubwa, ya ini.

Kila mmoja una matunzo yake. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa moja ya "uvimbe wa tumbo" bila kukuuliza uvimbe uko wapi, amekwisha kukuonyesha kwamba hajui anatibu nini.

Kipandio cha kwanza: sahani ya maabara

Sisi wa upande wa Beni na Mambasa tunaijua kakao kuliko watu wengi wa Ulaya wanaokula chokoleti kila siku. Tunajua tunda lake la njano, utamu wa ute mweupe unaozunguka mbegu, sanduku la kuchachulia lililofunikwa kwa majani ya ndizi, na wasiwasi wa kuanika wakati mvua inakaribia. Tunajua pia kwamba wengine wetu wameacha mashamba kwa sababu ya vita, na kwamba kilo moja inaweza kumlipia mtoto sehemu ya masomo. Ndiyo sababu habari njema juu ya kakao inatufurahisha haraka. Tungependa iwe kweli.

Ndani ya mbegu ya kakao kuna vitu vinavyoitwa flavanoli. Mojawapo inaitwa epikatekini. Flavanoli zikishikamana kama shanga kwenye uzi, zinaitwa prosianidini. Ndizo zinazoleta ule uchungu unaokaza ulimi ukitafuna mbegu mbichi. Vitu vya namna hiyo vipo pia katika majani ya chai na katika matunda mengine.

Miaka mingi iliyopita, watafiti wa chuo kikuu cha Georgetown, mjini Washington, Marekani, walichukua kitu kilichotengenezwa katika maabara kwa kufuata mfano wa prosianidini za kakao. Walikimwaga juu ya seli za kansere za watu zilizokuzwa katika sahani. Seli za namna fulani, zaidi sana za utumbo mkubwa, zilipunguza mwendo wa kuongezeka. Hiyo ni kazi ya kweli na ni nzuri. Hapo ndipo maneno ya "kakao na uvimbe" yanapata nguvu.

Lakini angalieni vizuri. Kilichopimwa hakikuwa kikombe cha kakao. Kilikuwa kitu kimoja, safi, kilichotengenezwa na wakemia. Na kilichotibiwa hakikuwa mtu, zilikuwa seli ndani ya sahani.

Seli ya sahani haina ini la kuvunja dawa, haina figo za kuitoa, haina tumbo la kuiyeyusha. Ukimwaga dawa juu yake, inaogelea ndani ya dawa hiyo mchana na usiku. Ndani ya mwili si hivyo. Prosianidini ni kubwa, hazipiti kwa urahisi kutoka kwenye utumbo kuingia katika damu. Sehemu kubwa inashuka mpaka utumbo mkubwa, na huko vijidudu vinaivunjavunja. Kile kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Ni tofauti ya kuloweka nguo ndani ya beseni la sabuni na kudondosha tone moja la sabuni mtoni ukitumaini nguo zitatakata.

Tena, kuua seli za kansere katika sahani si jambo gumu. Hata javeli tunayotumia kusafisha choo itaziua. Hakuna mama atakayekunywa javeli kwa sababu hiyo. Kazi ngumu ni kuua seli mbaya na kuacha mtu mzima.

Kipandio cha pili: panya

Kitu kikifaulu katika sahani, watafiti wanakwenda kwa wanyama. Hispania, watafiti wa mjini Madrid walifanya hivyo na panya. Mwaka 2011 walitangaza kwamba panya waliolishwa kakao walipata madoa machache ya mwanzo wa kansere kwenye utumbo mkubwa kuliko wale wasiolishwa, ingawa wote walipewa kemikali inayoleta ugonjwa huo.

Hapa pia tusome kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Neno la kwanza: chakula cha panya hao kilikuwa na kakao asilimia 12. Maana yake, katika kila kilo moja ya chakula, gramu 120 zilikuwa poda ya kakao. Fikiria bugali yako, sombe yako na maharagi yako vikiwa na kakao kiasi hicho, kila siku. Watoto wangekimbia meza.

Neno la pili: panya walianza kula kakao kabla ya kupewa kemikali. Utafiti uliuliza kama kakao inaweza kuzuia mwanzo wa ugonjwa. Haukuuliza kama inaweza kuondoa uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa kama tunda la kakao lenyewe. Kufunga mlango kabla mwizi hajaingia ni kazi moja. Kumtoa akiwa amekwisha kukaa chumbani ni kazi nyingine.

Kipandio cha tatu: kuangalia watu

Katika visiwa vidogo vya Panama kunaishi watu wanaoitwa Kuna, ambao siku hizi huandikwa pia Guna. Wamezoea kunywa kakao vikombe vingi kila siku. Daktari Norman Hollenberg wa chuo kikuu cha Harvard aliona kwamba wazee wao wa visiwani hawapandi tansio kama wazee wa sehemu nyingine. Wale waliohamia mjini walianza kupata tansio kama watu wengine. Mwaka 2007, yeye na wenzake walitangaza hesabu za karatasi za vifo vya Panama kutoka mwaka 2000 mpaka 2004. Kwenye visiwa, vifo vilivyoandikwa kuwa vya moyo na vya kansere vilikuwa vichache sana kuliko vya bara.

Mtu akisoma hapo peke yake, anaweza kurukaruka kwa furaha. Lakini sisi Wakongomani tunaweza kuona tundu la hesabu hiyo upesi kuliko wengi. Ni munganga gani aliandika karatasi hiyo? Alikuwa na mashini gani? Katika vijiji vyetu, ni mama wangapi wamezikwa na watu wakasema "alivimba tumbo", wengine wakasema ni sumu ya jirani, na hakuna aliyepima? Mtu ambaye hakupimwa kansere hafi na kansere kwenye karatasi. Tena watu wa visiwani wanavua samaki, wanatembea, wanapiga kasia, wanakula matunda. Kakao si tofauti moja tu kati yao na watu wa mjini. Watafiti wenyewe walijua hayo, nao waliomba majaribio makubwa zaidi.

Kipandio cha nne: kugawanya watu kwa bahati nasibu

Jaribio kubwa lilifanyika Marekani, nalo linaitwa COSMOS. Liliongozwa na watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston pamoja na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle. Watu 21,442 waliingia: wamama wenye miaka 65 na zaidi, na wanaume wenye miaka 60 na zaidi. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa kila siku vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao. Wengine walipewa vidonge vinavyofanana navyo kwa macho lakini visivyo na kitu. Hakuna aliyejua anameza nini. Walifuatwa kwa miaka zaidi ya mitatu, na matokeo yalitangazwa mwaka 2022.

Kampuni ya Mars, inayouza chokoleti, ilitoa vidonge na sehemu ya feza. Ninalisema kwa sababu mtoto akileta matokeo ya masomo, tunauliza nani alisahihisha. Hapa waliosahihisha ni watafiti wa hospitali, na hawakuficha majibu yasiyoifurahisha kampuni.

Kwa moyo, kulikuwa na dalili nzuri: vifo vya ugonjwa wa moyo na mishipa vilipungua katika kundi la kakao, ingawa jibu kuu lililotafutwa, yaani hesabu ya matatizo yote ya moyo pamoja, halikupungua vya kutosha kuondoa mashaka. Kwa kansere, kakao haikuonekana kuipunguza.

Hicho ndicho kipandio cha juu tulichofika mpaka leo. Tuliondoka kwenye sahani tukiwa na tumaini kubwa, tukafika kwa panya na tumaini, tukafika kwa watu, na uvimbe haukujibu. Labda siku moja wakemia watatengeneza dawa kutokana na mfano wa kakao. Hilo si jambo la ajabu. Lakini dawa hiyo haipo leo sokoni, na haimo ndani ya mfuko wa nailoni.

"Lakini Mwalimu, kinina si mti pia?"

Nilipomweleza mama yetu hayo, aliniuliza swali zuri kuliko maswali ya wanafunzi wangu: "Kinina inatoka kwenye gome la mti. Mbona hiyo inaponya?"

Ni kweli. Hapa Kivu tunajua mashamba ya kinkina. Watu walikuwa wanakunywa gome lake kwa homa tangu zamani. Lakini mwaka 1820, wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitoa ndani ya gome kitu chenyewe kinachofanya kazi, ndicho kinina. Tangu hapo iliwezekana kupima: kiasi gani kwa mtoto wa kilo kumi, kiasi gani kwa mama mwenye kilo sitini. Wewe uliyewahi kumeza kinina unakumbuka namna masikio yanavyolia. Ikizidi, inaharibu, ikipungua, malaria inarudi. Gome moja lina kinina nyingi, jingine lina kidogo, na kwa macho yanafanana.

Kinina ilipanda vipandio vyote. Ilionekana katika watu, wagonjwa wengi, mahali pengi, ikiponya ugonjwa uleule. Hatukatai mti kwa sababu ni mti. Tunauliza tu: umepanda mpaka kipandio gani?

Na kuhusu kakao kuna jambo jingine ambalo wakulima watalielewa mara moja. Mnunuzi akija, anakata mbegu katikati. Akiona rangi ya zambarau, anakunja uso, anasema haikuchachuka vizuri. Akiona kahawia, anafurahi. Sasa, kuchachua kunapunguza flavanoli nyingi, kukaanga kunapunguza nyingine, na viwanda vikiosha kakao kwa dawa ya kupunguza uchungu, zinapungua tena. Maana yake, kile ambacho watafiti walikuwa wanakitafuta ndicho sisi tunachokipunguza ili kakao iwe tamu na bei iwe nzuri. Anayekuuzia poda hawezi kukuambia mfuko wake umebaki na kiasi gani.

Je, poda inadhuru?

Kikombe cha kakao si sumu. Ukiipenda, kunywa, bila kujaza sukari. Lakini kwa mama anayetokwa na damu nyingi, kuna onyo. Flavanoli hizo zinashika madini ya chuma yaliyo katika maharagi, lenga-lenga na sombe, na kuyazuia yasiingie mwilini. Mama mwenye miomu anayepoteza damu kila mwezi anahitaji chuma hicho kuliko mtu yeyote. Akinywa kakao nzito pamoja na chakula mara tatu kwa siku, anaweza kujiongezea upungufu wa damu huku akidhani anajitibu. Anayetaka kunywa, anywe mbali na saa ya chakula.

Hata hivyo, dhara kubwa si poda. Dhara kubwa ni miezi. Uvimbe wa mayai ya mwanamke ao wa utumbo ukionekana mapema, munganga anaweza kuukata na kuutoa wote. Ukingojewa mpaka umesambaa, hata hospitali kubwa inabaki na machache ya kufanya. Mfuko mmoja wa poda unamaliza majuma matatu. Mifuko mitatu imemaliza miezi miwili ya mama yetu, pamoja na feza ya ekografia.

Dalili zisizongojea

Wamama, kateni sehemu hii muibandike ukutani. Nenda kituo cha afya bila kungojea juma lingine ukiona moja ya haya:

Tumbo linakua na mimba haipo, ao unashiba kwa vijiko vichache tu vya chakula, na hali hiyo inadumu.

Damu inatoka kisha kulala na bwana yako, ao katikati ya mwezi, ao kisha miaka ya hedhi kwisha.

Damu katika choo kikubwa, ao choo kimebadilika kwa majuma mengi bila sababu.

Unakonda bila kupunguza chakula.

Macho yanakuwa ya njano, ao unahisi kitu kigumu chini ya mbavu za kuume.

Maumivu makali ya ghafla tumboni pamoja na kutapika. Hii ni ya siku hiyohiyo, hata usiku.

Dalili hizi hazisemi kwamba ni kansere. Mara nyingi si kansere. Zinasema tu kwamba lazima mtu aangalie ndani.

Mtoto mwenye tumbo gumu

Kwa watoto tunazoea kusema ni minyoo. Mara nyingi ni minyoo kweli, ao wengu ya malaria. Lakini ukimwogesha mtoto na mkono wako ukagusa donge gumu upande mmoja wa tumbo, usilikande, usilipake dawa, usilibonyezebonyeze kuonyesha majirani. Mpeleke hospitali. Kuna uvimbe wa figo wa watoto wadogo, na kubonyezwa kunaweza kuupasua. Kuna pia uvimbe ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda, jirani zetu. Unashika taya ao tumbo la mtoto, na unakua kwa siku, si kwa miezi.

Habari njema ni kwamba uvimbe huo wa watoto ni kati ya ile inayosikia dawa vizuri. Na moja ya dawa zake, vinkristini, ilitoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi ambalo watu wengi wanalipanda mbele ya nyumba kwa uzuri tu. Tena mti uliopanda vipandio vyote! Lakini inapitishwa kwa sindano ya mshipa, imepimwa kwa miligramu. Majani ya ua hilo yakichemshwa nyumbani ni hatari.

Yanayolinda tumbo kwa kweli

Msidhani ninawaondolea kakao na kuwaacha mikono mitupu. Kuna mambo yaliyofika juu ya ngazi, na karibu yote ni ya bei ndogo.

Chanjo ya mtoto ya juma la 6, la 10 na la 14 ina kinga ya epatiti B, ugonjwa unaoleta kansere ya ini. Taiwan walianza kuchanja watoto mwaka 1984, na kansere ya ini kwa watoto ikapungua. Usiruke tarehe hata moja.

Karanga na mahindi yenye ukungu, tusile na tusisage ili kuficha. Ukungu huo unatoa sumu inayoitwa aflatoksini, nayo inashambulia ini. Kuchemsha ao kukaanga hakuimalizi. Tunaanika kakao kwa bidii kwa ajili ya mnunuzi. Tuanike karanga za watoto wetu kwa bidii ileile.

Mlango wa kizazi unaweza kupimwa kwa siki: munganga anapaka, anangoja dakika moja, anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Alama ikionekana mapema, inatibiwa kabla haijawa kansere. Wenye miaka 30 na zaidi, ulizeni kwenye kituo chenu.

Na pombe kali inayopikwa mitaani, tuwaambie mabwana zetu, na tujiambie sisi wenyewe.

Maswali manne ya kumpelekea munganga

Wengi wetu tunaingia kwa munganga tukiwa na woga, tunatoka bila kuelewa. Andika maswali haya kwenye karatasi: Uvimbe uko kwenye kiungo gani? Ni wa maji ao wa nyama? Inafaa kukata kipande kidogo ili kikapimwe? Na kama tunangoja, tunangoja mpaka tarehe gani? Swali la nne ni la lazima. Kungoja kwenye tarehe ni matunzo. Kungoja bila tarehe ni kusahau.

Mwambie pia dawa zote unazokunywa, hata za kienyeji na hata poda. Usione haya.

Namna mambo yalivyokwenda

Siku ya tano tulikwenda na mama yetu, watu watatu. Mmoja alibaki na watoto wake, mwingine alishika mkono wake kwenye benchi, mimi nilishika karatasi ya maswali. Ekografia haikati, haichomi. Ni kama kupakwa mafuta ya baridi juu ya tumbo. Ilichukua dakika chache. Majibu ni yake, sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba alitoka na jina la kiungo, na tarehe ya kurudi.

Njiani aliniambia maneno ambayo bado ninayafikiri: "Mwalimu, si kwamba niliamini poda sana. Niliogopa karatasi." Basi nikaelewa kwamba mimi niliyesoma sana juu ya flavanoli nilikuwa nimejibu nusu tu ya swali lake. Nusu nyingine haikuwa ya kemia. Alihitaji mtu wa kwenda naye.

Kwa hiyo likelemba yetu imekata neno. Kila siku ya kukutana tutaweka kando kidogo, kila mmoja anachoweza, katika kasha la ekografia. Atakayekuwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya kikwembe hataulizwa sana. Tutamtafutia feza na watu wawili wa kumsindikiza. Vikundi vingine, fanyeni hesabu yenu, muone kama mnaweza.

Kazi ya nyumbani ya juma hili: mtu akikuletea habari ya dawa mpya, muulize swali moja tu, "Imepanda mpaka kipandio gani: sahani, panya, ao watu?" Akishindwa kujibu, funga mkoba wako kwa heshima. Kisha angalia kikwembe cha jirani yako, pengine kuna karatasi ndani.

Mbaki salama na watoto.

Ni mimi, Mwalimu wenu.